Marcella Karambu, Mama Aliyemshusha Meneja Kwenye Ndege

Ijumaa tarehe 30 Juni 2017, Bi. Marcella Karambu, msimamizi wa kiwanja chetu cha Kirimara pale Timau, atastaafu baada ya kulitumikia Shirika la Ndege la Milimani kwa miaka thelathini na minne. Ofisi kuu iliomba wasifu wa ukurasa mmoja kwa ajili ya jarida la kampuni, wenye maneno ya kiasi. Ukurasa mmoja hautatosha. Na kwa kuwa Bi. Karambu mwenyewe hakuwahi kutii agizo lisilo na maana, sisi wenzake wa kituo cha Embu tumeona njia bora ya kumuenzi ni kuanza kwa kulivunja hili.

Alizaliwa Kangeta mwaka 1957, nyumbani kwa Mzee Mithika, mkulima wa miraa. Anayewajua watu wa miraa anajua kwamba huko hakuna mtoto anayekua akitembea polepole. Zao likichumwa ni mbio mpaka sokoni, maana likinyauka limekuwa chakula cha mbuzi. Mzee alitaka binti yake awe mwalimu. Yeye akajifunza kupiga taipu, akafanya kazi katika ofisi ya chama cha wakulima mjini Meru, na mwaka 1983 akaja kuomba kazi kwetu. Katika mahojiano aliulizwa kama anaogopa ndege. Akajibu kwamba hajawahi kuipanda, na yeye haogopi kitu ambacho hajakutana nacho. Anachoogopa ni baridi peke yake. Wakamwajiri, kisha wakampeleka Timau.

Kwa wasiokujua huko, Timau ni mgongo wa kaskazini wa Mlima Kenya, mashamba ya ngano yakikutana na anga, na upepo unaopita kwenye sweta kana kwamba sweta ni wavu. Bi. Karambu alivaa mbili, na juu yake koti la kampuni, na chini ya kofia ya kampuni kofia nyingine ya sufu aliyojifumia. Mkaguzi mmoja alimwambia sare hairuhusu kofia mbili. Akamwomba mkaguzi akae naye kiwanjani mpaka saa nne asubuhi. Kabla ya saa tatu mkaguzi alikuwa ameomba kuazimwa hiyo ya sufu.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa mizani. Mahali palipoinuka kama Timau hewa ni nyepesi, na ndege ndogo iliyojazwa kupita kiasi hukimbia uwanja mzima bila kuinuka. Kwa hiyo kila abiria alipimwa pamoja na mzigo wake, juu ya mizani iliyonunuliwa kwa ajili ya magunia ya viazi. Watu hawakupenda. Siku moja ulikuja ujumbe wa harusi kutoka Igembe ukielekea Embu kwa wakwe, na shangazi wa bwana harusi akakataa katakata kupimwa mbele ya wanaume wa ukoo.

"Mimi si gunia," alisema shangazi.

"Hapana, mama, wewe si gunia," Bi. Karambu akamjibu. "Gunia likianguka na ndege halina wa kulililia. Wewe unao."

Akavua leso yake, akaitundika mbele ya mizani, akampima shangazi faraghani na kumnong'oneza rubani ile hesabu sikioni. Tangu siku hiyo mizani ya Kirimara ina pazia, na hakuna mkaguzi aliyethubutu kuliondoa.

Sisi wa Embu tulimfahamu kwanza kwa sauti. Kila asubuhi redio ilianza kukwaruza, na katikati ya mkwaruzo tukasikia, "Muga, Embu!" Hiyo ni salamu ya kwao Meru. Baada ya salamu alituambia upepo unatoka wapi, mawingu yameshika bega lipi la mlima, na kama ng'ombe wa jirani yake Kaberia wameshaondolewa kwenye njia ya ndege. Rubani wetu Kapteni Mbae alikuwa akisema kwamba angeweza kutua Kirimara amefumba macho, mradi Karambu awe redioni.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe, maana bila hilo wasifu huu ungekuwa wa mtu mwingine.

Ukiweka rula kwenye ramani kati ya Timau na Embu utapata kama kilomita sabini na kitu. Rula itakuambia ndege ndogo itamaliza safari hiyo kwa dakika ishirini. Rula haisemi kwamba katikati ya mstari wake umekaa mlima. Ndege hulazimika kuzunguka upande wa mashariki, juu ya misitu, ipite Chuka ndipo ishuke Embu, nusu saa asubuhi kukiwa kweupe. Mchana mawingu yakifunga, haiendi kabisa. Na aliye ardhini naye huzunguka mlima uleule kwa barabara inayoshuka bonde na kupanda bonde, mto baada ya mto. Miaka ile ya tisini, mvua ikinyesha vizuri, safari hiyo ilimla mtu siku nzima na wakati mwingine ikambakisha njiani.

Mwaka 1997 meneja mkuu wetu alikuwa Bwana Kathuri. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa rula. Mwezi wa Aprili, mvua ya masika ikiwa imekolea, alipanda ndege ya Kapteni Mbae kuja Kirimara, akawakusanya wafanyakazi wote wanne ndani ya ofisi ya mabati, akatangaza kwamba kituo kitafungwa mwisho wa mwaka.

"Embu ni dakika ishirini tu kutoka hapa," alisema. "Viwanja viwili vya nini? Wateja wa Timau watatumia Embu."

"Watafikaje Embu?" Bi. Karambu aliuliza.

"Nimesema ni dakika ishirini."

"Kwa ndege, Bwana Kathuri. Na ndege ndiyo hiyo unayoiondoa."

Wenzake walicheka mpaka walipokumbuka aliyekuwa mbele yao. Bwana Kathuri akasema uamuzi umekwisha fanywa. Akatoka nje akasimamia upakiaji wa magunia mawili ya viazi vya Timau aliyokuwa amenunuliwa na wenyeji wake, kisha akaketi kwenye kiti chake karibu na rubani, akafunga mkanda. Abiria wengine watatu, waliolipa nauli, walikuwa wameshapanda. Ndege ilikuwa imejaa.

Hapo ndipo pikapu ya shamba moja la maua ilipoingia kiwanjani ikipiga honi. Nyuma alikuwa amelala msichana wa miaka kumi na tisa, Teresia, mkata maua, kichwa kikiwa mapajani mwa muuguzi wa zahanati. Waya wa kukazia plastiki ya kibanda cha maua ulikuwa umefyatuka ukampiga kwenye jicho la kulia. Muuguzi alieleza haraka: jicho limechanika, linahitaji kushonwa na daktari wa macho leo hii, na daktari wa macho aliye karibu wiki hiyo yuko Embu, kwenye kliniki ya siku tatu. Barabara ilikuwa tope. Kwa gari wangefika kesho, na kesho jicho lingekuwa limekufa.

Bi. Karambu hakumwuliza mtu. Alikwenda hadi mlango wa ndege akaufungua upande wa meneja mkuu.

"Bwana Kathuri, naomba ushuke."

"Unasemaje?"

"Kanuni ya kampuni inasema mfanyakazi asiyelipa nauli husafiri nafasi ikibaki. Nafasi haikubaki."

"Wewe mama, unajua unazungumza na nani?"

"Najua. Ndiyo maana ninakuomba wewe kwanza, kabla sijawagusa wateja wako waliolipa."

Kapteni Mbae alinisimulia baadaye kwamba alitazama saa, akatazama dashibodi, akatazama mbingu, akatazama kila mahali isipokuwa uso wa meneja wake. Mvua ilianza kudondoka juu ya bawa. Kule nyuma msichana alikuwa halii. Alikuwa anauliza kwa sauti ndogo kama jicho lake bado lipo. Bwana Kathuri alimsikia. Kwa haki tuseme hivyo: alimsikia, na akashuka. Lakini aliposhuka alisimama mbele ya Bi. Karambu mbele ya watu wote akamwambia, "Leo ni siku yako ya mwisho kazini."

"Sawa," alijibu. "Basi niimalize vizuri. Na viazi vishuke pia. Muuguzi naye ana uzito wake."

Magunia yakashushwa, Teresia akawekwa kwenye kiti cha meneja, na muuguzi akakaa nyuma yake mahali pa magunia akiwa amemshika. Redio ya Embu ikalia, na mimi ndiye niliyekuwa zamu. "Embu, hapa Kirimara. Mgonjwa anakuja, ni jicho. Tafuteni gari lingoje hapo hapo kiwanjani." Sauti yake ilikuwa ileile ya kila asubuhi. Ndege ilipofika tulikuwa na gari, na chai yetu ya saa nne ilikuwa bado ina moto Teresia alipoingizwa kwa daktari.

Bwana Kathuri alikuja kwa pikapu ya kampuni. Alitufikia kesho yake adhuhuri. Daraja dogo lilikuwa limefunikwa na maji njiani, na walilala garini wakisubiri mto upungue. Alikuwa na kiatu kimoja. Nilimpa chai, nikampa na kandambili. Mtu angedhani kwamba safari ile ilimfundisha kitu kuhusu dakika zake ishirini. Alikunywa chai, akaomba karatasi, akaandika barua ya kumfuta kazi Marcella Karambu.

Jumatatu iliyofuata, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, redio ikakwaruza. "Muga, Embu!"

"Mama Karambu," nikamjibu, "si umefutwa?"

"Kampuni imenifuta. Upepo haujanifuta. Unatoka mashariki, na mawingu yameshuka mpaka msituni. Mwambie Mbae asubiri."

Agizo la ofisi kuu lilisema tusipokee taarifa yoyote kutoka kwa mtu asiye mfanyakazi. Lakini kampuni ilikuwa haijamtuma mwingine, kwa kuwa kituo kingefungwa, na ndege mbili kwa wiki bado zilikuwa zinakwenda. Kapteni Mbae aliliweka jambo hilo wazi: hatatua mahali ambapo hakuna mtu wa kumwambia kuna ng'ombe au hakuna. Alipoulizwa taarifa ya hali ya hewa anaipata kwa nani, alijibu, "Kwa mama mmoja amesimama uwanjani." Hivyo ndivyo tulivyoendelea, wiki baada ya wiki. Aliishi kwa viazi vyake, kwa kuku wake, na kwa kuwafumia majirani sweta. Mumewe, Mwalimu Mutembei, alimwambia, "Nyumba hii ilioa mtumishi wa ndege, na haijaambiwa vinginevyo," akaendelea kumfungia chakula cha mchana.

Kufikia Julai tulijua kwa nini kituo kilikuwa na haraka ya kufungwa. Asubuhi moja alikuta vigingi vipya vya wapimaji wa ardhi vimepigwa katikati ya njia ya ndege, kuanzia juu hadi chini. Mheshimiwa mmoja, ambaye hatutamtaja kwa kuwa jarida hili halina wakili, alikuwa ameanza kugawa uwanja kuwa ploti. Ndege ya Mbae ilikuwa njiani. Bi. Karambu alichukua jembe, akang'oa vigingi vyote mchana kweupe, watu wakimwangalia kutoka barabarani. Kisha akavifunga kama kuni, akavibeba mgongoni mpaka kituo cha polisi, akaviweka juu ya meza ya mkuu wa kituo.

"Nimeviokota kwenye njia ya ndege," alisema. "Mtu asiyejulikana anataka kuangusha ndege. Naomba mumtafute."

Mkuu wa kituo alivitazama vile vigingi kwa muda mrefu. Alijua vya nani. Alijua pia kwamba wa kuvidai lazima aje aseme mbele ya watu kwamba ndiye aliyevipanda mahali ndege inapotua. Hakuna aliyekuja kuvidai.

Vilirudi, bila shaka. Mara ya pili vilipigwa upande wa chini tu, na mara hii pamoja na vigingi walikuja vijana wa kukodiwa wenye rungu. Bi. Karambu alisimama mbele yao pamoja na wanawake wa kanisa lake waliotoka moja kwa moja kwenye ibada, bado wamevaa vitambaa vyeupe. Hapakupigwa mtu. Lakini vijana walikaa siku nyingi kuliko akina mama walivyoweza kukaa, kwa sababu akina mama walikuwa na ng'ombe wa kukama na watoto wa kulisha. Theluthi ya chini ya uwanja ikaenda. Leo pana nyumba za ghorofa na duka la dawa za mifugo. Katika sherehe ya kumuaga kuna watakaosema kwamba aliokoa uwanja mzima. Yeye hukasirika akisikia hivyo. Theluthi ile ilipotea, na hataki mtu aliyeichukua asamehewe kwa kusahauliwa.

Mwezi wa Novemba mwaka uleule mvua za El Niño zilikata nchi vipande vipande. Madaraja yalikwenda. Kwa majuma kadhaa unga, dawa na mafuta ya taa vilifika kwenye mashamba ya Timau kwa ndege au havikufika. Kampuni iliyotaka kufunga Kirimara ikawa inatua Kirimara mara tatu kwa siku, na mtu wa pekee aliyejua kuupokea msongamano huo alikuwa mama aliyefutwa kazi. Bwana Kathuri alimpigia redio mwenyewe, kupitia kwetu. Nilisikia kila neno.

"Bi. Karambu, tunakuomba urudi."

"Sikuondoka, Bwana Kathuri."

"Basi turudishe mshahara wako. Kuna jambo lingine unataka?"

"Moja. Iandikwe kwamba mgonjwa wa dharura akifika kiwanjani, mtu wetu yeyote aliye ndani ya ndege anashuka. Hata meneja. Asiombwe. Ashuke."

"Itaandikwa."

Iliandikwa, na mpaka leo ni kanuni ya vituo vyetu vyote. Marubani vijana huiita Kiti cha Karambu bila kujua alikuwa nani. Sasa wamejua. Kwa hesabu tuliyoweza kuikumbuka sisi wazee wa kampuni, kiti hicho kimeshawabeba akina mama wajawazito, mzee aliyeumwa na nyoka huko nyanda za chini za Mbeere, na mwanafunzi aliyeanguka kutoka juu ya mti wa makadamia akitoroka hesabu. Teresia, yule mkata maua, aliokolewa jicho. Haoni nalo kama zamani, lakini anaona. Ana kitalu chake cha miche Runyenjes, na atakuwa mgeni wa heshima siku ya Ijumaa.

Baada ya hapo Bi. Karambu alifanya kazi miaka ishirini mingine. Alikataa kupandishwa cheo kwenda Nairobi mara mbili, akisema huko hakuna upepo wa kutangaza. Alimzika Mwalimu Mutembei mwaka 2009, na wiki ileile alikuwa redioni, sauti ikiwa nzito kidogo; siku hiyo sisi wa Embu tulimtangulia kwa "Muga", naye akaitikia, akatuambia upepo unatoka wapi. Amemfundisha kazi mrithi wake, Bi. Kanana, na amemfundisha vizuri: mwezi uliopita Kanana alimshusha mkurugenzi wa fedha.

Tunaandika haya tukijua kwamba ofisi kuu inatafakari upya suala la Kirimara. Safari hii hawana rula, wana kompyuta, na kompyuta imewaambia kwamba Timau mpaka Embu kwa ndege ni dakika kumi na tisa. Wanasema pia barabara sasa ni ya lami. Ni kweli, ni ya lami, na tunaishukuru. Lakini lami haikuusogeza mlima. Wakuu wetu wakisoma jarida hili, wasome na hili: sisi wa Embu, ambao kituo chetu ndicho kingenufaika na kufungwa kwa Kirimara, tumekataa. Tumekataa kwa maandishi, na majina yetu yako chini ya barua. Kama kuna atakayefutwa, Jumatatu tutakuja kazini.

Sherehe itafanyika kiwanjani Kirimara, si hotelini Nairobi kama ilivyopendekezwa. Njooni na sweta. Kamati ilikuwa imechagua zawadi ya kochi la kupumzikia. Bi. Karambu alituma ujumbe kwamba hajachoka, na kwamba anataka pikipiki. Tulidhani ni utani hadi mwanawe alipotupigia simu akilalamika kwamba mama ameshafanya mtihani wa kuendesha, amefaulu, na anawauliza watu ni aina gani inapanda mlima vizuri ikiwa imebeba abiria. Pikipiki imenunuliwa. Ni nyekundu.

Dada Karambu, asante kwa kila asubuhi uliyotuambia ukweli wa anga, na kwa siku ile uliyomwambia mkubwa ukweli wa ardhi. Nenda Kangeta ukapumzike kadiri utakavyotaka mwenyewe, na Mungu akupe afya, wajukuu wasumbufu, na miaka mingi ya kutomtii yeyote asiyestahili. Tumesikia umeapa safari yako ya kwanza itakuwa kuzunguka mlima kuja kutuona. Mafuta ujaze Chuka. Vaa helmeti, na chini yake ile ya sufu.

— Mbaka, kwa niaba ya wafanyakazi wote wa kituo cha Embu